Sahihi Yako Kwenye Kitabu cha Ndege

Mzee Mutua,

Nimekukasirikia, na kwa kuwa huwezi kunikatiza kama zamani, leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Tangu tukuzike Machakos, ile ndege ya kusafirisha maua naikagua peke yangu. Koti lako liko kwenye msumari wake pale karakana. Hata baridi hii ya Julai hakuna anayethubutu kulivaa. Meneja aliahidi kuniletea fundi mwingine, na ahadi zake unazijua.

Jumanne asubuhi ndege iliruka, ikarudi kabla ya dakika kumi. Taa ya moto ya sehemu ya mizigo ilikuwa imewaka. Rubani alishuka midomo imemkauka. Meneja akacheka: "Wanjiru, hiyo ni umande tu. Weka sign iende, maua zinakufa." Na ndivyo ulivyonifundisha: maua yakipakiwa na joto hutoa mvuke, na kile kifaa cha kunusa moshi hakijui kuutofautisha na moshi. Mara ngapi tumeandika "umande" tukaenda kunywa chai?

Niliteremsha maboksi yote. Nikazima umeme kwanza, kama ulivyoniamuru siku zote, nikapitisha mgongo wa mkono kwenye ukuta wa sehemu ya mizigo kutafuta joto. "Mkono haudanganyi," ulizoea kusema. Ukuta ulikuwa baridi. Nikarudia. Baridi. Nilishika kalamu, Mzee. Nilikuwa nimeshaandika herufi ya kwanza ya jina langu.

Labda ni ile midomo ya rubani iliyonizuia. Nikajiuliza, kule angani nani huzima umeme? Nikamwomba awashe kila kitu, hata feni ya sehemu ya mizigo, nikaweka mkono tena, safari hii kinyume cha amri yako. Nje meneja alikuwa akipiga kelele kwamba kesho nisije kazini. Dakika tano, hakuna kitu. Karibu nimwambie azime. Kisha ukuta ukaanza kupata uvuguvugu, ukapata moto, nikautoa mkono mbio. Tulipoufungua, waya wa feni ulikuwa umeungua mpaka shaba inaonekana, na kitambaa cha nyuma yake kimekuwa cheusi. Nilikaa chini nikalia mbele ya watu wote.

Halafu nikapekua kitabu cha ndege. Novemba, taa ile ile. "Umande. Ukuta baridi." Chini yake sahihi yako, na ule mkia mrefu. Miezi yote hiyo watu wameruka na hatari nyuma ya ukuta, wakiuamini mkono wako. Na mimi nilikuwa nimesimama kando yako, nimeshika tochi.

Jumapili nilienda kwenu Woodley kumwona mkeo, Mama Nduku. Bado anaichaji ile simu yako ya antena. Akanimiminia chai, akasema, "Mutua hakuwahi kukosea ndege hata moja." Niliinamia kikombe, sikuweza kumtazama. Meneja naye ananishawishi niung'oe ukurasa ule kabla wakaguzi wa usalama wa ndege hawajafika kesho. "Marehemu hasemwi vibaya," anasema, wakati anayejificha nyuma ya jeneza lako ni yeye.

Sikuung'oa. Nimewaandikia wakaguzi kwamba tuliipima ndege ikiwa imezimwa, wewe na mimi, na kwamba hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Kuna mafundi wengine leo hii wanapapasa kuta baridi na kutia sahihi. Nikikuficha wewe, nawaua watu wa ndege zao. Mama Nduku nitamwambia mimi mwenyewe leo jioni, kabla hajasikia porojo za watu wa Dagoretti Corner. Huenda asinifungulie mlango tena, na hilo linaniuma kuliko kazi.

Pumzika, Mzee wangu. Hasira itapoa, kukupenda hakujapoa. Kila mwanafunzi nitakayempata nitamfundisha jina lako na kosa lako kwa pumzi moja, na yeyote atakayetaka moja bila lingine, atafute mwalimu mwingine.

Wanjiru