Masale Manne Chini ya Kitanda

Alhamisi, 26 Mei 1994

Baba kafika saa nne na basi la Moshi. Basi limepita Maji ya Chai, mbele ya mlango wangu kabisa — na hakushuka! Kaja mpaka stendi ya mjini, anataka gesti. Mwaka wa nne huu tangu nijenge, hajakanyaga. Nilipomwambia nimenunua kiwanja alisema mtoto wa kike hana kwake, kwake ni kwa mume au kwa kaka. Mume sina. Mabati nimenunua mwenyewe, moja moja, kwa kuuza mitumba.

Amekuja kuuona mji "kabla macho hayajaisha." Kaka yangu Hans ndiye aliyeahidi kumtembeza na gari. Hans yuko Dar, semina. Kahawa ya Baba ilimsomesha Hans. Mimi niliichuma tu. Sasa mtembezaji ni mimi, na shilingi elfu sita kwa siku tatu.

Gesti hapa Kaloleni, chumba 1,200. Nimemshusha Pudensiana, mwenye gesti, mpaka elfu moja. Kasema: Aikande, biashara huria sawa, lakini wewe unataka nikulipe mimi!

Baba kaingia na kifurushi cha majani ya mgomba, kakisukuma chini ya kitanda. Alipokwenda kunawa nikachungulia. Masale manne, mabichi, na mizizi yake. Kwetu isale si mmea wa kupandwa ovyo. Linakaa mpakani, kwenye ardhi yenye mwenyewe. Hans anajenga Njiro. Basi, nimeelewa. Nikafunga kama yalivyokuwa.

Ijumaa, 27 Mei

Tumetembea kwa miguu, bure. Manyunyu asubuhi yote. Mwavuli mmoja — kila nikiusogeza kwake, yeye anaurudisha kwangu. Mwisho tumelowa wote.

Kwanza Boma la Mjerumani, siku hizi makumbusho. Kiingilio mia mbili kila mtu. Nikasema ingia tu Baba, nakusubiri nje. Akagoma: tunaingia wote au haingii mtu! Mwaka thelathini na nane, ana miaka kumi, alikuja hapa na babu wakifuata ng'ombe wao waliopotea. Askari akawazuia getini siku nzima. Leo kapitisha kiganja ukutani, polepole, kama anampapasa ndama. Akasema miaka hamsini na sita nilikuwa nataka kujua humu ndani kuna nini.

Kulikuwa na mende wamebanwa kwa pini. Akacheka mpaka akashika mbavu — hawa hata kwangu wapo, bila kiingilio!

Moyoni nikasema: Mlango wangu hauna askari, Baba.

Mchana tukakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, tukala ndizi zake za kuchemsha kutoka nyumbani. Chai mbili, mia na sitini. Kuvuka barabara kashika kidole changu kimoja tu, kama nilivyokuwa namshika mimi kwenda kanisani.

Mnara wa Saa. Nikamweleza watu wanasema hapa ni katikati ya Afrika, kutoka Keipu kule kusini mpaka Kairo. Akauzunguka. "Nani alipima? Kwa hatua za nani?" Nikacheka. Mpiga picha akatukimbilia, picha mia tano. Baba akaanza kufunga vifungo vya koti. Nikasema hapana, mia tano ni chakula cha jioni.

Akavifungua tena.

Mia tano tu. Hesabu zangu zote sijawahi kukosea kama hii.

Kurudi gesti akaomba maji kwenye kopo, akayanyunyizia yale masale. Nikamuuliza kama nimpeleke Njiro kesho. Akasema Njiro kuna nini?

Jumamosi, 28 Mei

Leo soko la Tengeru, nimelikosa. Saa mbili nimempeleka stendi, arudi nyumbani. Konda kauliza mzee wapi, Moshi? Baba kasema Maji ya Chai. Hakunitazama. Nikapanda na mimi.

Nyumbani hakuingia. Amesimama uani, akahesabu madirisha. Akasema lete jembe. Nikasema Baba, chai kwanza. Akasema wewe weka hiyo chai, mimi nina kazi.

Basi naandika hapa dirishani jikoni, maji hayajachemka. Anapima kwa hatua. Mbele hatua ishirini, ubavuni thelathini na mbili — hatua zake fupi siku hizi. Kona tatu tayari. Kila isale analikandamiza kwa kisigino, halafu anavuta kuona kama limeshika. Suruali ya kanisani, matope mpaka magotini!

La nne liko kwenye mpaka wa jirani yangu Lerionka. Baba kampigia hodi, kamwita atoke: kwetu mpaka haupandwi bila jirani kuona. Lerionka katoka na mswaki mdomoni, kampa shikamoo. Sasa anamuuliza, mzee, hapa unampandia nani?

Baba kaacha jembe. Anajinyoosha mgongo.

Maji yanachemka, sufuria inamwagikia moto. Siendi kuiepua. Nataka kusikia.