Orodha Iliyofungiwa Dhahabu

Jumamosi, 28 Desemba

Amechana karatasi mbili katikati ya daftari langu, na wala haoni aibu. Ni Masanja, mdogo wake mume wangu, anayenunua dhahabu kwa wachimbaji na kwenda kuiuza Geita. Asubuhi alikosa karatasi ya kufungia punje zake, akaliona daftari mezani.

Humo ndimo nilimoandika kila kitabu nilichosoma tangu Januari.

Jioni karudi anatafuna muwa. Nikamuuliza karatasi ziko wapi.

"Nimezitupa sokoni, shemeji. Si yalikuwa majina tu? Vitabu si umeshavisoma?"

Akatema makapi ya muwa kwenye uwanja niliotoka kuufagia. Nilichefuka. Vumbi la dhahabu analishika kama yai, maandishi yangu kwake ni takataka! Na mume wangu eti ananiambia niachane nayo, ni jambo dogo.

Basi nikakaa niiandike upya orodha ya vitabu. Vilikuwa thelathini na moja, hilo silisahau, maana walimu wenzangu wote nimeshawatambia. Novemba nilikuwa naruka kurasa ili tu nivuke thelathini.

Nimekumbuka majina tisa. Katika hayo tisa, ukiniambia nikusimulie kilichomo, naweza vitatu. Labda vitatu.

Kinyaa chote nilichomwonea Masanja sasa najionea mwenyewe. Yeye kachana karatasi tu. Vitabu vilishanitoka zamani, kabla hajalifikia daftari.