Helmeti ya Primus

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Helmeti mpya zimefika! Kila moja ina kidude nyuma chenye taa nyekundu. Kwenye simu yangu kila mfanyakazi ni kitone chenye jina. Mtu akigongwa au akifukiwa, simu inalia. Tangu niwe ofisa usalama wa hii hosteli tunayojenga nimetegemea macho na kelele zangu tu. Leo nimefurahi! Primus, saidia fundi wetu wa Marangu, zamani mpagazi mlimani, kanicheka. Dada Hilda, eti, hii siyo kofia, ni kengele ya mbuzi.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Injinia Godwin alitaka naye aone vitone. Nikamuunganisha. Haikufika mchana, ananiuliza — mbona Primus yuko kwa mamalishe saa za kazi? Kumbe mgongo ulimkaza, akaenda kukaa kidogo. Kafokewa mbele ya wenzake. Nikasema kifaa ni cha usalama. Injinia akajibu uvivu nao ni hatari. Hm.

Jumamosi, 12 Aprili

Simu inaonyesha watu wote wako kwenye shimo la msingi. Nashuka — hakuna mtu! Helmeti zimetundikwa kwenye nondo, wenyewe wako kwa Mektrida, yule mamalishe, wanakunywa mtori. Nikawaka. Fomeni Eliakim akaniambia taratibu: Injinia akiacha kutuchungulia, tutavaa.

Nikaenda kwa Injinia kumwomba aache; hakukubali. Tena nikamwambia ukuta wa udongo upande wa migomba una ufa, shimo lifungwe. Kasema magogo ya kuuegemeza yako njiani.



Jumatatu, 14 Aprili

Ukuta umeporomoka.

Simu ililia, jina la Primus. Tulikimbia wote. Wanachimba kwa makoleo, kwa mikono, mimi naelekeza: kushoto kidogo, hapo, hapo hapo! Wakaifikia. Helmeti. Imening'inia kwenye nondo, taa inawaka. Chini yake udongo mtupu.

Sasa yeye yuko wapi? Mektrida anasema leo hajamwona. Simu yake haipatikani. Eliakim anaapa alimwona akishuka asubuhi. Kama alipanda tena, hakuna ajuaye.

Injinia anataka watu watoke, upande wa pili nao utaanguka — na mfumo unaonyesha hakuna mwingine chini. Eliakim hatoki. Anachimba. Ila achimbe wapi? Kila mtu anachimba pake. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kimekwama kwenye tope barabarani.

Mimi nimeambiwa nikae stoo na simu, huenda italia. Naandika huku naitazama.

Flavia amefika, mke wake. Kalowa chapachapa, mtoto mgongoni. Shimoni hakwenda. Kaja moja kwa moja kwangu.

Dada, anasema, Primus aliniambia simu yako inajua kila alipo. Hebu iangalie. Yuko wapi?