Taji la Généreuse na Kitambulisho cha Shule

Minto, Sydney
22 Desemba 2021

Kwako Dada Fébronie,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako Akilimali, ambaye bado anawapita wanaume wote wa Minto kwa sura, corona iwepo isiwepo. Mgongo wako unaendeleaje? Na watoto, ile homa imewaacha? Sisi huku ni wazima. Walitufungia ndani miezi na miezi, polisi wakizunguka mitaani, lakini mimi nilikuwa naenda kazini kila siku. Dereva wa forklift, ile mashine ya kuinua mizigo ghalani, hafungiwi, maana bila mimi Sydney nzima ingekosa karatasi za chooni. Usicheke, ni kweli.

Sasa ngoja nikupe habari iliyonichosha mpaka chakula hakipiti.

Kuna parki moja ya michezo, mbali kwa treni, ambako mtoto wa kike anapambwa awe binti mfalme. Wanamtengeneza nywele, wanampaka rangi machoni, wanamvika gauni na taji, halafu anapita kwenye zulia watu wakimpigia makofi. Généreuse wangu alikuwa anaiangalia kwenye simu tangu kabla ya corona. Akisikia viatu vyangu, anafunga haraka. Nilimwambia tungoje wafungue. Wakafungua, wakafunga tena. Mwezi huu walipofungua nikamuuliza, akasema basi Baba, achana nayo. Nikajua ni aibu tu. Nikanunua tiketi kimya kimya, na jirani yangu Bibiane akamsuka siku nzima ili wale watu wa parki wasije wakamng'oa nywele kwa vitana vyao.

Jumamosi nikavaa suti ya bluu, miwani ya jua na manukato. Unanijua, siendi mahali kama mtu wa kuomba msaada. Mimi niliyevuka mipaka mitatu, nishindwe na mlango wa mabinti wafalme?

Nikashindwa, Dada.

Mlangoni pana ubao: miaka mitatu hadi kumi na miwili. Msichana mmoja mwenye mabawa ya kitambaa mgongoni akauliza mtoto ana miaka mingapi. Nikajibu kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba ana kumi na mmoja.

Généreuse akanivuta koti. "Baba, usidanganye. Nina kumi na mitatu."

Na mwenyewe, bila kuombwa, akatoa kitambulisho chake cha shule akampa yule mwenye mabawa. Huku wanawafundisha watoto kusema kweli, na wangu ndiye wa kwanza darasani kwa somo hilo. Msichana akanitazama kwa huruma, akasema wazazi wengi hujaribu, si mimi peke yangu. Nikaitisha mkubwa wao. Akaja mwanamume mwenye kizibao cha dhahabu, jasho linamtoka, akanieleza kwamba kanuni ni kanuni. Nikamwambia amwangalie mtoto urefu wake, mikono yake, ni mtu wa miaka kumi na mitatu huyo? Akasema yeye anasoma karatasi tu. Nyuma yetu mama mmoja ameshatoa simu anatupiga picha, na vitoto vya miaka minne vinalia vinataka kupita. Nilitaka kupasuka. Mwishowe mtoto wangu akawaomba radhi kwa niaba yangu. Kwa niaba yangu mimi.

Najua sasa hivi unahesabu kwa vidole, unasema Akilimali kalewa. Wewe ndiye uliyempokea kwa mikono yako alipozaliwa Bukavu, mwaka 2010, wakati mimi niko Kamituga natafuta dhahabu ambayo sikuipata. Unajua ana kumi na mmoja. Nilisema kweli pale mlangoni.

Uongo niliusema zamani, na sikukuambia. Tulipofika kambini Uganda alikuwa na miaka minne, marehemu mke wangu Chibalonza amelala mgonjwa hawezi kuinuka, na mimi lazima nitoke nikatafute kibarua. Shule ya pale ilikuwa inapokea wa miaka sita. Nikasema ana sita. Wakaandika tarehe moja Januari 2008, kama walivyotuandikia wengi. Niliona nimewashinda akili. Karatasi ile ikapanda ndege na sisi. Mwaka huu imemchoma chanjo ya wakubwa. Kwenye treni inamvisha barakoa wakati wenzake wa umri wake hawavai.

Hayo ni madogo. Kubwa ni hili. Wamemweka darasa la nane, na walimu wameniita mara tatu kuniambia mtoto kichwa chake kinakwenda polepole. Nami nikamgombeza, Dada. Nikamwambia ni mvivu, nikamwambia wenzake wanawezaje. Miaka mitatu mtoto anaamini ni mjinga, na mimi najua sababu, nimenyamaza kwa kuogopa watu wa karatasi.

Kwenye treni ya kurudi alinipigapiga mkono, akaniambia nisihuzunike, yeye ni mkubwa sasa kwa mambo ya taji. Hapo nikavua miwani yangu ya jua. Nikamwambia ukweli. Aligeukia dirisha, vituo vinapita, tukapitiliza Minto yenyewe. Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza chake:

"Kwa hiyo mimi si mjinga?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mjinga amekaa pembeni yako amevaa suti.

Jumatatu nilimwona mama mmoja anayesaidia watu mambo ya vibali. Anasema karatasi inaweza kurekebishwa, ila nitatia sahihi kwamba nilidanganya, na yatakayofuata hawezi kuniahidi. Pia wanataka maandishi ya mtu aliyekuwepo siku ya kuzaliwa. Ni wewe tu uliyebaki. Nenda kwa mwanasheria, uandike kwa mkono wako siku, mwezi na mahali. Mimi nitatia sahihi. Naogopa, lakini nitatia.

Wasalimie shemeji na watoto wote, na majirani wanaonikumbuka kwa mema. Noeli iwakute mna afya na sufuria imejaa. Généreuse anakusalimu sana. Tangu Jumamosi ananiuliza alizaliwa asubuhi au jioni, kulikuwa na mvua au jua, na mama yake alisema nini alipomwona. Mimi sikuwepo, Dada. Mwandikie yote.

Ni mimi mdogo wako,
Akilimali