Kiti cha Mama Kimepata Mtu

Nyumbani,
Nyuma ya duka la vioo,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo kaka? Wifi naye hajambo? Na wale watoto wangu wawili wenye mapengo, wanaendeleaje na hiyo baridi ya huko? Nakuandikia nikiwa nimekaa kizingitini, karatasi nimeiwekea sinia chini isitoboke. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mpwa wako Bi Mdogo alishikwa na kikohozi, sasa kimeisha, amebaki na mazoea ya kukohoa akitaka kubebwa. Shemeji yako yuko dukani anakata vioo hata Jumapili, na vidole vyake vyote bado anavyo.

Ukiniuliza mimi, kaka, sijui nikujibu nini. Nakula, nalala, nafua. Watu wakija kunipa pole nawakaribisha chai, tena wao ndio wanalia na mimi ndiye ninayewabembeleza. Tangu tumzike mama sijatoa chozi. Juzi nilibandika maji ya uji, nikasimama hapo hapo nikiyatazama mpaka yakakauka, sufuria ikaanza kunuka, na mimi bado nimesimama. Siyo kwamba nilikuwa nawaza. Sikuwa nawaza chochote. Ni kama mguu ulioukalia vibaya ukafa ganzi. Unajua ni wako kwa sababu unauona, basi.

Simu nimeishindwa, ndiyo maana naandika. Kila nikisikia sauti yako nasema "tuko salama kaka, usijali," halafu nakata, na lile la kukuambia linabaki kooni. Basi nalisema sasa hivi ili usome yaliyobaki ukiwa umeshajua: kiti cha mama nimekitoa. Najua siku ya mazishi ulisema kisitoke mpaka uje. Ulikuwa unalia na laini inakatikakatika, lakini hilo nililisikia vizuri.

Naomba usome mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Unakumbuka nilikuambia kuwa kile kiti cha magurudumu hakikuwa chetu. Tuliazimwa na kile chama cha kujitolea, watu wa vizibao vya njano. Hujawaona wewe, lakini ungevunjika mbavu. Vizibao vilishonwa saizi moja tu, ile kubwa, kwa hiyo mwenyekiti wao, kinyozi wa pale kona, anaonekana kama amejifunika shuka. Vinamkaa vizuri mama wa duka la dawa peke yake. Kila Alhamisi jioni wanafunga kazi zao na kwenda kufanya za watu: kuzibua mitaro, kupima watu presha sokoni, kupeleka sabuni wodini. Mwezi wa pili walipaka mistari ya kuvukia barabara mbele ya shule, wakatumia rangi ya ukutani. Mvua ikanyesha. Asubuhi barabara nyeusi tii, na watoto wa shule nzima wana soli nyeupe. Mpaka leo wauza matunda wakiwaona wanapita wanainua miguu juu: "Wazee, msitupake!"

Mama aliwapenda kwa sababu aliweza kuwatania. Alikuwa akimwambia kinyozi, na ule mdomo wake uliopindishwa na kiharusi, "Wewe mwenye kichwa kama yai, nani alikupa wembe?" Naye anamjibu, "Mama, kichwa hiki ndilo tangazo langu la biashara." Kila wiki maneno hayo hayo, na kila wiki wanacheka kama mapya. Bi Mdogo anakuwa amepakatwa hapo kitini pajani kwa bibi yake, naye anacheka bila kujua kinachochekwa.

Mimi nami nilijiunga na chama mwaka jana, sijui kama nilikuambia. Nilianza kwa kuwachemshia chai tu. Sasa nina kizibao changu, nakifunga kwa kamba kiunoni. Baada ya msiba niliendelea kwenda. Ukiwa mtaroni na koleo mkononi hakuna anayekuuliza unajisikiaje.

Chama kina utaratibu wake wa vifaa. Stoo yao inavuja, na kiti kikilala humo mvua moja tu, kinashika kutu. Kwa hiyo hakirudi stoo. Aliyekuwa nacho ndiye anayempelekea anayekingoja, anamkabidhi mkononi na kumfundisha tabia zake, maana kila kiti kina tabia zake. Sisi wenyewe tulikabidhiwa na dereva wa lori aliyekuwa amevunjika nyonga. Alikuja kwa magongo kumwonyesha mama namna ya kugeuka.

Walinijia wiki chache baada ya mazishi, kinyozi, mama wa duka la dawa na fundi wa kuchomelea. Wakanywa chai. Wakaisifu chai. Wakamsifu mtoto. Chumba chetu unakijua, ukinyoosha mguu unagusa ukuta. Kiti kiko katikati, na watu wazima watatu wamebanana kwenye benchi la watu wawili, hakuna anayekikalia wala anayekitazama. Mwisho fundi akasema, "Shemeji, tumekuja kwa ajili ya kiti." Mama wa duka la dawa akamkanyaga mguu, nikamwona. Nikawaambia kaka yangu amesema kisitoke. Kinyozi akasema, "Basi, mwanangu. Kikae." Wakamaliza chai yao, wakaondoka. Wangenisukuma hata kidogo, ningepata cha kukasirikia.

Kikakaa. Ngoja nikuambie kilikaaje. Siku za kwanza nilikuwa nakifuta vumbi kila asubuhi. Halafu nikaweka juu yake taulo la Bi Mdogo, mara moja tu, limalizie kukauka. Halafu soksi. Halafu nguo za kupiga pasi, na mwisho hata zisizo za kupiga pasi. Ikafika mahali natafuta kaptura ya mtoto naingiza mkono kwenye kiti cha mama bila hata kukiona.

Alhamisi moja tulikuwa sokoni kupima presha, nikamwona muuza mkaa anakuja amembeba mkewe mgongoni. Mkewe ni fundi cherehani, yule anayeshona sare za shule. Amekatwa mguu kwa sababu ya sukari. Mama mtu mzima, ameficha uso kwenye shingo ya mumewe asimwone anayemwona. Mume naye anapiga domo ili njia ipatikane: "Pisheni jamani, mwenyewe mwepesi, kizito ni mdomo wake!" Watu wanacheka, mke anazidi kujificha. Mama wa duka la dawa ndiye aliyeninong'oneza kwamba hao ndio waliokuwa wanakingoja kiti. Mguu uliobaki unatosha kuendesha cherehani, alisema. Tatizo ni kufika kwenye cherehani. Mume anatoka na mkaa alfajiri, harudi mpaka jioni, na kibanda cha mkewe kimefungwa.

Nikarudi nyumbani nikakunja nguo zote.

Nataka ulijue hili kaka, maana wengine watakupambia maneno. Sikukitoa kwa moyo mkunjufu. Moyo haukusema kitu. Niliona tu kwamba kwangu kimekuwa pa kutundikia nguo, na kuna mtu anabebwa mgongoni. Hata kama ungewatumia kiti kingine kutoka huko, kingefika lini?

Jumamosi nikakisukuma mpaka kwao, Bi Mdogo nyuma yangu analalamika kwa nini atembee. Wanachama walikuwepo, ua mzima njano. Nikaanza kufundisha. Breki ya kulia ibonyeze mara mbili. Kinavuta kushoto, kwa hiyo kwenye uchochoro wa bombani ingia kinyumenyume. Usiegemee upande mmoja ukiwa kwenye mteremko. Sauti yangu ilikuwa kavu, kama mtu anayeeleza jiko linavyowashwa. Fundi cherehani ameshakaa, anayajaribu magurudumu, mbele kidogo, nyuma kidogo, uso umeanza kufunguka. Akaniuliza, "Na mwenyewe amepona?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kila mmoja alidhani mwenzake amesema. Kinyozi akaanza kutafuta kitu mfukoni.

"Amefariki," nikasema. "Alikuwa mama yangu."

"Nishushe!" akamwambia mumewe. "Baba, nishushe! Naanzaje kukalia kiti cha marehemu, na mtoto wake amesimama ananitazama?"

Ameshika mikono ya kiti anataka kujiinua, mume hajui amnyanyue au amkalishe, fundi wa kuchomelea anapiga kelele, "Breki, mama, breki!" na mimi nimesimama kama gogo.

Bi Mdogo ndiye aliyepenya katikati ya miguu ya watu. Akashika goti la yule mama, akapanda, akajipachika pajani kama alivyozoea, kidole mdomoni, akatazama mbele. Anangoja kusukumwa.

Fundi cherehani akatulia. Akamtazama kisogo, halafu akanitazama mimi. "Na huyu naye anaazimwa pamoja na kiti?"

"Huyo anarudi kwao jioni," nikamwambia. "Ila ukimpa biskuti humtoi tena."

Watu wakacheka, kinyozi akalia waziwazi, anajipangusa na kizibao chake kile kama shuka. Mimi nikashika vishikio, nikawasukuma wote wawili mpaka bombani na kurudi. Sikulia. Lakini mikono yangu iliutambua ule uzito, kaka, mtu mzima na mtoto juu yake. Mpaka jioni nilikuwa nausikia kwenye viganja. Ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia tangu mama aondoke.

Sasa kibanda kimefunguliwa. Najua hilo wewe halikusaidii. Wewe ulitaka ufike ukute kitu kimoja ambacho mama alikishika, ukikalie, ulie. Una haki, hukupata hata kumtupia udongo. Kasirika, nitavumilia. Ila usininyamazie.

Jana nilipita pale kibandani nikamweleza fundi cherehani habari zako. Nilimwambia nina kaka yuko mbali aliyeomba kiti kimsubiri, na mimi sikumsubirisha. Niliogopa atataka kukirudisha tena. Alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja akizichomeka kwenye kola ya shati, anafikiri. Halafu akasema, "Mimi nikishahamia kwenye stuli ya cherehani, kiti sina haja nacho mpaka jua lizame. Kinakaa bure hapo mlangoni. Siku kaka yako akija, mlete asubuhi. Akikalie mchana kutwa, sitamuuliza kitu. Na akitaka kulia alie tu, cherehani yangu ina kelele."

Kwa hiyo tafuta ruhusa kazini polepole, usijiumize, hata ikiwa ni mwakani. Nitakusindikiza mpaka pale, niketi chini karibu yako. Nadhani tukiwa wawili na mimi nitaweza kulia.

Mama yetu mdogo anakusalimu, anasema upunguze sigara kwa ajili yake. Shemeji yako anakusalimu pia, na Bi Mdogo amekuchorea kitu hapo pembeni, sijui ni nini, ila alisema ni mjomba. Nibusie watoto na umwambie wifi ile sweta ilinitosha, naivaa hadi jikoni. Mungu akufunike huko uliko, akupe usingizi mzuri, na siku ya safari akufungulie njia.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata ukiwa umenuna,

Mama Bi Mdogo