Shelfu Zangu Tatu na Macho ya Baba

Isyesye,
Mbeya.
Jumapili, 14 Julai 2024

Mpendwa wifi yangu Bupe,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Shemeji hajambo? Na yule mdogo, kifua chake kimepona? Darasa lako la watoto mia na ishirini bado linakumaliza sauti? Sisi tunaendelea. Lea amerefuka, viatu vya Januari havimwingii tena. Gwakisa bado yuko Makongolosi kwenye karakana ya mgodi, anakuja anapopewa ruhusa. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia.

Nimekupigia mara nne hupokei. Kwa hiyo nimechana karatasi kwenye daftari la Lea, naandika. Barua huwezi kuikata katikati kama simu. Kuichana unaweza, lakini najua hutaichana kabla hujaisoma, maana kwa kutaka kujua mambo unanishinda hata mimi.

Ujumbe wako niliupata: "Asante kwa kumpokea baba." Niliusoma nikiwa nakata mboga, nikaweka kisu chini. Najua ni mdogo wenu Ipyana aliyekuambia kwamba nimemfukuza baba mkwe wangu na macho yake mabovu, akaenda kulala kwa jirani. Kulala kwa jirani alilala kweli. Kumfukuza, hapana. Hayo maneno yako manne yameniuma, na kabla hujayaongeza mengine naomba unisikilize.

Kisa chote kilianzia kwenye shelfu.

Unalikumbuka lile kabati letu kubwa la vyombo, lililosimama katikati ya sebule badala ya kuegemea ukuta kama makabati ya watu wengine. Miaka sita nimemcheka Gwakisa kwa alivyolipanga. Nikimuuliza, anasema, "Liache hapo hapo." Basi. Kaka yako maneno anayatoa kwa kijiko.

Tulipojua kwamba baba anakuja kupasuliwa mtoto wa jicho, nililitazama kabati lile nikaingiwa na wasiwasi. Mzee haoni zaidi ya mwanga na vivuli. Mara ya mwisho aligonga goti kwenye kona yake, akachechemea siku mbili. Nikasema safari hii hapana. Vyombo vitapanda ukutani, kabati litaondoka, baba atapita bila kugusa kitu. Nikampigia Gwakisa kumwambia nataka kuweka shelfu za ukutani. Huko kwao mashine zilikuwa zinanguruma, akajibu, "Weka unazopenda." Kabati sikulitaja. Nilidhani ameelewa.

Wifi, zile shelfu nilizichagua kama mtu anayechagua mchumba! Nilizitaka zile zinazoelea, ubao umetokeza ukutani na huoni umeshikwa na nini, kumbe vyuma vimefichwa ndani yake. Wiki mbili nilichora ukuta kwa chaki. Niweke moja ndefu au tatu? Zilingane au zipande kama ngazi? Lea alitaka nyeupe. Nikamwambia kwa vumbi hili la Isyesye tutakuwa tunazifua kila Jumamosi pamoja na sare zake. Kaka yangu Liberatus, yule fundi seremala wa Nyololo, alikuja na drili yake, akagonga ukuta kwa vidole huku ametega sikio, akasema tofali za kuchoma zitashika, ila nisije nikapandisha sufuria la maharage huko juu.

Alikuja na mbao za paina, nzuri, zimekauka. Mimi nikaliangalia kabati: mninga mtupu. Nikamwambia alivunje, shelfu zitoke humo humo. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia ninao. Uhakika huo ndio uliokuja kunitesa, kwa sababu kabati lililokwisha kupasuliwa halirudi.

Zilitoka shelfu tatu, mbili ndefu na moja fupi, zikapakwa vanishi. Sebule ikawa pana mpaka ukiongea sauti inakurudia. Nilikaa kwenye kochi nikatabasamu peke yangu kama mjinga.

Jumamosi ile baba akafika na Ipyana. Alikohoa mlangoni kama anavyokohoa siku zote kabla hajaingia. Niliposikia nilifurahi, nikatoka jikoni na beseni la maji ya kunawa, moja kwa moja hadi mbele yake, nikapiga magoti. "Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Aligeuza uso ukutani, akavuta koti lake mpaka likafunika kichwa. Ipyana akaangalia chini. Nilibaki kwenye magoti na beseni langu, sijui niinuke au niendelee kukaa. Kisha baba akasema, si kwangu, kwa Ipyana, "Nipe fimbo." Akatoka, akaketi kibarazani kwenye upepo huu wa Julai unaokata masikio. Alikula huko huko, chakula amepelekewa na Lea. Jua lilipoanza kushuka akaomba apelekwe kwa mzee Yotamu, mlango wa tatu kutoka kwetu, wanayesali naye kanisa la Moravian. Ipyana naye akaondoka bila kuniaga.

Nilikasirika, sikufichi. Nilisema, huyu mzee nimemkosea nini? Haoni, amenionaje mpaka ajifunike?

Jumatatu ikaja habari kwamba kesho yake baba anapanda gari kurudi Rungwe. Na upasuaji ulikuwa Jumatano! Daktari alikwisha kusema mwezi uliopita kwamba presha ya jicho la kushoto imeanza kupanda, akichelewa hata kisu hakitasaidia. Nikaacha maji jikoni yanachemka, nikakimbia na kandambili hadi kwa mzee Yotamu. Mkewe alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba.

"Mwe, mwanangu," akasema, "kwani wenzako hawakukuambia? Mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Lile kabati ndilo lilikuwa linawatenga. Mzee akikohoa, wewe ulikuwa nyuma ya kabati bila kujua."

"Basi ana hasira na mimi, mama?"

"Hasira gani! Aibu. Anasema mtoto wa watu amenipigia magoti nimempa mgongo, sasa nyumba yake nitaingiaje tena?"

Wewe mambo haya umekua nayo. Mimi nilijua nisitaje jina lake, nisimpe mkono, chakula apeleke Lea. Nikafikiri yameishia hapo, hasa kwa mtu asiyeona. Nyumbani kwetu Ifunda mama alinifundisha kwamba mkwe akifika wewe ukabaki jikoni, hiyo ndiyo dharau. Hakuna mtu kwenu aliyenikalisha chini akanieleza, wifi, na wewe umo. Niliporudi nyumbani nilizitazama shelfu zangu nikalia.

Gwakisa alifika Jumanne asubuhi. Aliingia, akasimama katikati ya sebule, akauliza kabati liko wapi. Nikamwonyesha ukuta. Akakaa chini kabisa, sakafuni.

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?" nikamuuliza.

"Nilidhani unajua."

Tuligombana kidogo, halafu tukaona muda hautusubiri. Tukafunga waya kutoka ukuta hadi ukuta, tukatundika mablanketi mawili pale lilipokuwa kabati. Gwakisa akakimbilia kwa mzee Yotamu, akakuta begi la baba limekwisha kufungwa. Walikaa huko muda mrefu. Mimi nilikuwa jikoni nahesabu magari yanayopita barabarani, kila moja nikidhani ndilo. Mwishowe nikasikia kikohozi mlangoni. Baba alipapasa blanketi kutoka juu hadi chini, akavuta kiti, akakaa.

Jumatano akapasuliwa, Alhamisi wakamfungua bandeji. Anaona, wifi! Lakini muuguzi alimwambia Gwakisa kwa ukali kwamba matone yawekwe kila baada ya saa mbili bila kuruka, jicho likishika uchafu basi limekwenda. Siku hiyo aliweka Gwakisa. Ijumaa alfajiri ruhusa yake ikaisha, akamwachia kazi mzee Yotamu. Saa mbili mzee Yotamu akaweka, mkono unamtetemeka, nusu ya dawa ikaishia shavuni. Baada ya hapo ikaja habari ya msiba mtaa wa pili, yeye na mkewe wakaenda. Lea yuko shule.

Saa nne ikafika. Nilitoka nje kutafuta mtu. Mlango wa huyu una kufuli, wa yule una kufuli, mtaa mzima uko msibani. Nikarudi, nikasimama nyuma ya blanketi na kichupa mkononi. Saa nne na robo. Nilimsikia baba anapumua upande wa pili, naye bila shaka alinisikia. Niliwaza nikiingia ataondoka tena, na safari hii hatarudi. Nisipoingia, jicho.

Baba akauliza, kama anayeuliza hewa, "Sasa ni saa ngapi?"

"Saa nne na nusu, baba."

Akaita, "Bupe."

Wifi, niligeuka nikaangalia mlango. Nilidhani umefika kweli kutoka Kasulu.

"Bupe, mwanangu. Njoo uniwekee dawa."

Hapo nikaelewa: mkwe haruhusiwi kumkaribia, binti anaruhusiwa. Nikaitika, "Naam, baba," nikapita blanketi. Alikuwa ameinua uso kuelekea dari, jicho wazi, jekundu. Nilimshika kope kwa kidole. Ngozi yake ni laini kuliko nilivyodhani. Tone likaingia pale pale. Akanishukuru kwa lugha ya kwenu, "Ndaga fijo, Bupe," nikarudi jikoni, nikakaa juu ya ndoo.

Tangu siku hiyo ni hivyo kila baada ya saa mbili. Mzee Yotamu amerudi, lakini baba amemwambia apumzike, Bupe yupo. Jana ameziangalia shelfu, akamwambia Lea ni kazi safi. Hizo angalau hajasema umechagua wewe.

Nisamehe, wifi, nimelitumia jina lako bila kukuomba. Nilitaka ulisikie kwangu, si kwa Ipyana. Kama una hasira na mimi, kaa nayo, tutaimaliza tukionana. Ila mpigie baba. Dawa ni ya wiki nne, na mimi nitaitika kila nikiitwa. Lakini kila anapolitamka jina lako anakawia kidogo, kama mtu anayesubiri kuona ni nani atakayeingia.

Msalimie shemeji, na watoto wote uwabusu. Liberatus anakusalimu. Lea anasema shangazi amletee dagaa wa Kigoma. Mungu awatunze huko mliko, na akulainishie moyo.

Ni mimi wifi yako nikupendaye hata ukininunia,

Devota
(kwa baba, mpaka dawa iishe, Bupe)