Majoho ya Arobaini Yako

Baba Eliza,

Wewe umetulia huko, mie huku nimechoka. Nimechoka na mwalimu mkuu, nimechoka na Mama Zuhura jirani, na mwanao ndiyo usiseme, leo siku ya tatu ameninunia. Na usicheke, wewe ndiye uliyeyaanza.

Nani alikuwa akimpelekaga Eliza kibanda umiza kila Jumapili baada ya ibada, mtoto wa kike na gauni lake la kanisani, akae kwenye benchi aangalie sinema za mapigano? Na mngekuwa mnaangalia tu, afadhali. Wewe ulikuwa unabishana na sinema. "Huyu amerukaje ghorofa? Goti lingebaki hilo? Chuma kile mie nachomelea kila siku, hakinyanyuliwi hivyo. Pima kwanza!" Watu wanakuzomea, "Mzee, tuache tuangalie!", na mwanao anacheka mpaka anakulalia begani.

Basi sasa anafundisha darasa la tano, hapa hapa Temeke, na mwalimu kama yeye hayupo, wala sisemi kwa kuwa nimemzaa. Watoto wake walikuwa wanaikimbia hesabu kama sindano. Muhula huu akaazima projekta ya kanisani, akawaonyesha sinema ya dada mmoja shujaa, ana joho, ananyanyua basi kwa mkono mmoja. Akaisimamisha basi likiwa hewani. Lina uzito gani? Mkono wa mtu unabeba kilo ngapi? Hapo hesabu, hapo sayansi. Wakatoka uwanjani na futi yako ya chuma (ndiyo, yeye ndiye aliyeichukua, mie nimeitafuta mpaka uvunguni) wakapima kila mmoja anaruka umbali gani. Kwenye Kiswahili wakaandika barua ya mama muuza maandazi ambaye shujaa aliikanyaga meza yake. Kwenye uraia wakabishana kama shujaa naye apelekwe polisi. Mie niliishia la saba, lakini ningefundishwa hivyo, leo ningekuwa wapi!

Wazazi wakaja juu. Eti tumewaleta wasome, siyo waangalie ngumi. Mwalimu mkuu akasimamisha kila kitu, akaitisha kikao, wazazi wenyewe waamue. Eliza akaniambia, "Mama, njoo, lakini nakuomba, ukae kimya."

Nikasema sawa. Nikakaa kwenye cherehani, nikawashonea majoho darasa zima wavae siku hiyo. Kitambaa? Unakikumbuka kile... aa, utakikumbukaje, ulikuwa umeshazikwa. Kwenye arobaini yako niliagiza sare, kitenge cha bluu, na unavyonijua, niliagiza mpaka ya watu wasiokuja. Jora likabaki kabatini miaka yote hii, tangu watoto hawa hawajazaliwa. Nikalishona upande wa nyuma ukae nje, huko rangi imefifia, nani angejua?

Na kikao kilikwenda vizuri, jamani! Zuhura, binti wa jirani yetu, alisimama na joho lake akalieleza lile basi kama injinia. Mwalimu mkuu akamuuliza, "Na mtu akikwambia jambo, unalimeza tu?" Darasa zima likajibu, "Pima kwanza!"

Baba Eliza. Neno lako. Kwenye vinywa vya watoto ambao hawakukuona hata siku moja.

Wazazi wakapiga makofi, Mama Zuhura wa kwanza. Mwalimu mkuu akashika kalamu aandike kwamba tumekubaliana. Ningekaa tu. Ningekaa! Lakini kifua kilikuwa kimejaa. Nikasimama: "Hilo neno ni la marehemu mume wangu! Na hayo majoho nimeyashona mie, kitambaa cha arobaini yake!"

Mama Zuhura akaruka: "Wee Mama Eliza! Umewavisha watoto wetu msiba?"

Darasa likalipuka. Huyu anamvua mwanawe joho kama linaungua, yule anauliza nimelifanyia nini. Uchawi, mie, mwanakwaya! Nikawaambia mbona nyie kitambaa hicho mlikivaa kwenye arobaini mkala na pilau, ikawa mbaya zaidi. Eliza alinitazama tu. Jicho lako lile lile.

Mwalimu mkuu akakata maneno: masomo ya sinema yaendelee, majoho yote yarudi kwangu, na mie nisionekane tena kikaoni. Kwa hiyo mwanao ameshinda, na bado amenuna!

Yamerudi kwenye kiroba. Nimeyahesabu, limepungua moja. Jana napita kwa Mama Zuhura, nikaliona limeanikwa kambani. Nikasimama, maneno yote tayari mdomoni, na yalikuwa makali. Akatoka na beseni lake. "Mtoto kakataa kulivua, shoga. Ningefanyaje?" Nikaliangalia vizuri. Alikuwa amefumua mishono yangu, akaligeuza, ule upande wenye rangi ukawa nje. Limeng'aa kama siku ile.

Sikusema kitu. Mie! Nikamwitikia kwa kichwa, nikaenda zangu nikilia njia nzima.

Futi yako nimemwachia Eliza, ina kazi huko shuleni. Mie nakuahidi hili moja, na ulishike maana unajua linavyoniwia gumu: kuanzia leo, kabla sijafungua huu mdomo, nitapima kwanza.

Lala, fundi wangu.

Mkeo,
Mama Eliza